Kisu cha Kukunja na Kamba ya Buluu

Mimi simwamini muuzaji wa visu anayeonyesha makali kwa kukata karatasi. Karatasi hukatwa hata na ukucha wa mke wangu. Yule wa soko la Ndanai alikuwa ametandika turubai chini, karibu na wauza kamba na kengele za ng'ombe, na kila aliyesimama mbele yake alikatiwa karatasi ya daftari mpaka ikawa nyuzinyuzi. Watu walitikisa vichwa kwa kupendezwa. Mimi nilitikisa pia, kwa sababu zangu.

Nilikuwa nimeenda Ndanai kutafuta mtamba. Sikupata, kwa maana kila niliyemtazama niliona ana kasoro ambayo mwenyewe anaificha: huyu amenyweshwa maji mengi ili aonekane ameshiba, yule ananyamaza mno. Mke wangu husema kwamba nikifika mbinguni nitaomba kwanza kuonyeshwa hati ya kiwanja. Hulisema hilo akicheka, lakini amelisema mara nyingi hata mimi sicheki tena.

Labda nieleze kwa nini mwanamume wa umri wangu, mwenye mapanga matatu nyumbani, alisimama karibu nusu saa akichagua kisu cha kukunja kisichozidi kidole kwa unene. Sababu ni vidole vyenyewe. Miaka michache iliyopita mashine ya kukatia ng'ombe nyasi ilinila ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia. Kazi nyingi bado nafanya, ila fundo lililokazwa linanishinda. Shamba langu la majani chai liko chini bondeni, upande wa Merigi, na kituo tunakouzia majani kiko juu kando ya barabara, kwa hiyo majani yangu hupanda huko kwa pikipiki, ndani ya gunia. Mwenye pikipiki hulifunga mdomo kwa kamba ya nailoni ya buluu. Huizungusha mara tatu au nne, akaivuta huku amekandamiza gunia kwa goti, na fundo hilo likipigwa na mvua ya njiani halifunguki kwa upole. Nilikuwa nikifika kituoni nahangaika nalo mbele ya watu, na foleni nyuma yangu inakohoa bila ya mtu kuwa mgonjwa.

Aliyekuwa akinifungulia ni mama mmoja jirani yangu. Yeye na mumewe walihamia kwetu miaka mingi iliyopita kutoka upande wa Nyamira, wakanunua kipande kinachopakana na changu, na sasa yeye ni mjane. Kituoni tulitumia meza moja, ile ya kumwagia majani ili uyachague na kutupa yaliyokomaa kabla karani hajayapima. Alikuwa akiniona napigana na fundo, anavuta gunia kwake bila kusema kitu, anaing'ata kamba kwa meno ya pembeni, na fundo linalegea. Kisha ananirudishia kamba nzima, ameikunja vizuri. Nilimwambia asante kila mara. Lakini moyoni nilijiuliza anatafuta nini ndani ya gunia langu. Nilikuwa mwanakamati wa kituo wakati huo, na niliamini anataka kuona kama mwanakamati naye anachuma majani makubwa, ili apate la kusema siku ya mkutano.

Ndiyo maana nilitaka kisu. Nilitaka kufungua gunia langu mwenyewe.

Nacho kilipaswa kuwa chembamba. Huku kwetu mwanamume akipita barabarani na panga hakuna anayegeuka kumtazama, anaenda shambani huyo. Lakini kisu kinachotokeza kwenye suruali ya kanisani kinaleta maswali, na mimi napenda kuuliza maswali, si kuulizwa. Muuzaji alinipa cha kwanza, chenye mpini wa mbao uliong'arishwa. Kilikuwa kizuri, ila mfukoni kilijaza kama kiazi. Cha pili kilikuwa cheusi, chembamba, na kilikuwa na kitufe: ukibonyeza, kinachomoka chenyewe. Nilikirudisha haraka. Kisu kinachochomoka chenyewe siku moja kitachomokea mfukoni, na najua mfuko huo umepakana na nini.

Cha tatu kilikuwa cha kijivu, chuma kitupu, chembamba kama kitana, chenye kibanio kidogo cha kukishikilia kwenye ukingo wa mfuko. Unakifungua kwa dole gumba, na ndani ya mpini kuna kijichuma kinachosogea kuzuia bapa la kisu lisikufungie vidole. Hapo nilitulia. Vidole nilivyobaki navyo navipenda. Nilikifungua, nikaugandamiza mgongo wake kwenye ubao wa meza ya jirani yake nione kama kile kijichuma kitaachia. Hakikuachia. Nilikikunja, nikakiinua juani nione kama makali yamekaa katikati au yanasugua upande. Nilikitikisa karibu na sikio. Kwenye mpini palikuwa pameandikwa kwamba hakishiki kutu, nikapaka mate na kusubiri.

"Mzee, unangoja kutu?" muuzaji aliuliza.

"Nangoja tu."

"Hii ni orijino. Ukirudi hapa kulalamika, nitakupa hii meza yote."

"Hii meza si yako. Ni ya huyu wa kengele."

Akacheka, akachukua karatasi. Nikamwambia aiweke. Nikatoa mfukoni kipande cha kamba ya buluu nilichokuwa nimekibeba kutoka nyumbani, kwa sababu kamba yake ningeiaminije? Nikakipitisha changu juu ya makali. Kilikatika bila sauti wala kuvuta, mkono wangu haukuhisi kitu. Muuzaji aliniuliza kama nimewahi kununua kitu maishani mwangu bila kukifanyia mtihani. Nilinunua.

Nyumbani mke wangu alikuwa anasugua kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kugandisha. Alikitazama kile kisu mkononi mwangu kama mtu aliyeonyeshwa mjukuu asiyemjua.

"Unaogopa nani?" akauliza.

"Naogopa fundo."

"Fundo si liko na mama wa kulifungua?"

"Ndiyo hiyo sasa."

Akarudi kwenye kibuyu chake.

Siku iliyofuata ya kuchuma, jirani yangu alinyoosha mkono kwenye gunia kama kawaida, na mimi nikatoa kisu. Nilikata upande huu wa fundo, nikakata upande ule, mdomo wa gunia ukafunguka kabla mtu hajakohoa. Wazee wawili waliomba kukishika. Mmoja alijaribu makali kwenye kucha yake, akasema vitu kama hivi siku hizi havipatikani. Nilifurahi kupita kiasi, sitaficha. Jirani yangu alikuwa bado ameshika kamba.

"Ni kizuri, mzee," alisema. "Lakini kamba imekufa."

"Kamba ziko mingi, mama."

Akaondoa mkono wake, akaanza kuchagua majani yake.

Nikawa natembea na kile kisu kila siku. Nilimenya nacho miwa, nilifungua mifuko ya chakula cha ng'ombe, nilichokoa jiwe kwenye kwato, nilikata utepe siku kanisa lilipopata choo kipya. Kwenye suruali hakuna aliyekiona. Na kila siku ya majani nilikata fundo pande mbili, chap chap, mbele ya foleni.

Ila niliona jambo. Jirani yangu, ambaye sasa hakuwa na sababu ya kugusa gunia langu, alianza kugusa majani yangu. Tukishamwaga mezani, yeye kutoka kwenye kapu lake na mimi kutoka kwenye gunia, vidole vyake vilikuwa vikivuka upande wangu, vinapekua, vinarudi.

"Mama, wewe si uko na majani yako?" nilimwambia siku moja.

"Nasaidia tu, mzee."

Mtu akiniambia anasaidia tu, mimi hushika mfuko wangu. Nilidhani ananitupia majani yake makubwa ili yakataliwe kwangu. Nikaanza kusimama nikiwa nimemkodolea macho, na kazi yangu ya kuchagua ikawa mbaya, kwa sababu sikuwa naangalia majani.

Kisha karani akaja na habari kutoka kiwandani. Katika majani ya kituo chetu walikuwa wameokota vipande vya kamba, vya buluu, vifupi. Majani yakishapimwa huchanganywa, kwa hiyo hawakujua ni vya nani. Walichosema ni kwamba vikionekana tena mara nyingi, lori lao la kuchukua majani litatupita, na kila mmoja wetu atarudi nyumbani na majani yake yaozee huko. Karani aliiomba kamati ichunguze. Nilijitolea mimi kabla hajamaliza kusema, maana mhalifu nilikuwa naye tayari, nilichokosa ni ushahidi tu.

Sikungoja sana. Niliuona mkono wa jirani yangu ukitoka kwenye majani, ukaingia kwenye mfuko wa aproni, ukarudi. Niliuona tena. Nilimweleza mwenyekiti, naye akamwita karani, na watu wakasogea kuzunguka meza yetu. Karani akamwambia mama atoe vilivyomo mfukoni.

Alinitazama mimi. Karani ndiye aliyesema, lakini alinitazama mimi. Kisha akatoa leso, akatoa ufunguo wa nyumba, akatoa kifundo cha vipande vya kamba, vya buluu, kila kimoja kama urefu wa pingili ya kidole.

"Mama, hizi ni za nini?" karani aliuliza.

"Nimezitoa kwa majani."

"Majani ya nani?"

Alinyamaza. Ulikuwa ukimya mrefu, na mimi niliufurahia.

"Ya meza," akasema mwishowe.

"Meza haina shamba, mama."

Watu wakacheka, na mimi nikacheka nao. Mzee mmoja, wa wale waliokishika kisu changu, alisema polepole kwamba huyu mama hubeba majani kwa kapu mgongoni, na kapu halifungwi kamba. Lilikuwa neno la akili kuliko yote yaliyosemwa siku hiyo. Nami nilikuwa na jibu. Nilisema ndiyo maana anazibeba mfukoni: anazileta makusudi, lori likitupita sote tuwauzie wale wanunuzi wa pembeni wanaozunguka na pikapu, na bila shaka wameshamwahidi kitu. Sikuwa nimewahi kumwona akiongea na mnunuzi yeyote wa pembeni. Lilinijia tu mdomoni, na lilivyonijia liliniridhisha.

Ikaamuliwa kwamba majani yake yasipokewe mpaka kamati ikae tena. Alijaza kapu lake upya, jani kwa jani ilivyoonekana, akalitia mgongoni akashuka. Kamati haikukaa wiki hiyo wala iliyofuata. Mmoja alikuwa na msiba, mwingine alikuwa na harusi, na mimi nilikuwa na shughuli ambazo leo sizikumbuki.

Yule mama hana ng'ombe, na mahindi yake hayamfikishi msimu hadi msimu. Ana hiyo chai tu. Kutoka kwangu niliona mashina yake yakipanda juu, machipukizi yakikomaa na kuwa magumu, shamba lililokuwa limesawazishwa vizuri likawa na nywele. Jani likishakuwa gumu hakuna kituo kinacholitaka. Kila nilipopita mpakani niliambiwa na moyo wangu kwamba mtu asiye na hatia angekuja kujitetea.

Nikawa peke yangu kwenye meza. Na vipande vya kamba vikazidi. Karani alikuja na onyo la pili kutoka kiwandani, kali kuliko la kwanza, na asubuhi hiyo hakutaka kamati wala mtu wa kumsaidia. Alipita meza kwa meza akitandaza majani kwa viganja, tabaka jembamba, kama anayeanika mtama. Alipofika kwangu alitandaza, akaokota kipande. Akaokota cha pili. Akafika cha tano, akavipanga mbele yangu.

"Kuna mtu ameniwekea," nilisema.

"Nani, mzee?" akauliza. Hakuwa na hasira. "Meza hii uko peke yako."

Sikumwamini hata hivyo. Nilienda nyumbani nikamwambia mwenye pikipiki anifungie gunia tupu vilevile anavyofunga siku zote, akadhani nimeanza kuchanganyikiwa, akafunga. Nikalikalisha uani, nikatoa kisu. Nilikata upande huu wa fundo, nikakata upande ule, ila safari hii nilikuwa natazama. Fundo lilianguka nje, chini, mahali nilipokuwa nikiliona kila siku na kuliokota. Lakini kamba ilikuwa imezunguka mara nne. Kati ya mkato na mkato kila mzunguko uliacha kipande kifupi, na vipande hivyo viliingia ndani ya mdomo wa gunia ukiwa unafunguka. Nilipenyeza mkono nikavitoa. Vilikuwa na urefu wa pingili ya kidole, miisho yake imekatwa mshazari, safi. Kisu kibovu kingeirarua kamba nikaona nyuzi zake, au kingekwama nikaacha. Hiki mkono haukukihisi, nami nilikuwa nikiitazama foleni ione nilivyo mwepesi.

Kwanza nilimkasirikia muuzaji wa Ndanai. Nataka nilikiri hilo. Nilikaa juu ya ndoo nikimtafutia kosa, na nilikaa kwa muda, mpaka nikaishiwa. Ndipo nikaelewa kwamba yule mama aliviona tangu siku ya kwanza. Alikuwa akiviokota kwenye majani yangu kabla karani hajafika, anavificha mfukoni ili visinitie aibu, na vichache vilivyomponyoka ndivyo vilivyofika kiwandani. Alipoondoka hakukuwa na wa kuviokota. Niliona aibu, na hakukuwa na mtu pale uani wa kumlaumu.

Nilimweleza mke wangu. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Sasa utaambia nani?" akauliza.

"Mwenyekiti."

"Mwenyekiti hakuwa kwa hiyo aproni."

Nilimkuta jirani yangu shambani kwake akikata machipukizi magumu na kuyatupa kati ya mistari. Alinisalimu kwanza, akauliza habari ya nyumbani, akauliza kama ng'ombe wangu aliyekuwa mgonjwa amepona. Nilimjibu yote. Kisha nikasema nilichokuwa nimekuja nacho.

"Mama, zile kamba zilikuwa zangu."

"Najua," alisema. Hakuacha kukata.

"Mbona hukusema siku ile?"

"Ningesema, nani angeniamini? Wewe ndio kamati." Akasogea shina lingine. "Na nikisema, wakuaibishe mbele ya watu, halafu mimi niishi na nani huku chini? Sisi tulikuja tu hapa, mzee. Wewe ndio jirani niko naye."

Nilimwambia nimekosa. Nililisema kwa Kiswahili, nikaona halitoshi, nikalisema kwa Kikipsigis, lugha ya kwetu ambayo anaijua, na bado niliona halitoshi. Alisema imeisha. Nilichukua panga nikamsaidia kukata mpaka mchana, na hatukuzungumza mengi.

Siku ya majani iliyofuata nilisimama kituoni kabla karani hajafungua mizani, nikawaonyesha vile vipande na nikakata kamba mbele yao waone vinavyoingia. Nilisema niliyoyasema juu ya wanunuzi wa pembeni niliyatunga. Hakuna aliyecheka. Mzee aliyetaja kapu alitazama viatu vyake. Nilijitoa kwenye kamati siku hiyohiyo, na sikusikia mtu akiniomba nibaki. Kisu bado natembea nacho, ni kisu kizuri, ila hakigusi gunia. Mwenye pikipiki sasa hufunga fundo la kuvuta, na hata vidole vyangu vinaliweza.

Ilichukua wiki kadhaa kabla mashina ya jirani yangu kutoa majani laini tena. Alipopanda na kapu lake alikuja kwenye meza ileile, ya kwetu. Nilimsogezea nafasi. Alitua kapu, na kabla hajalimwaga akatia mkono kwenye mfuko wa aproni, akaugeuza wote nje, ukaning'inia mtupu mbele ya watu.

Nilimwambia kwa sauti ya chini hakuna haja, kila mtu anajua ukweli, mimi mwenyewe niliusema.

"Acha tu, mzee," alisema. "Wacha waone kwanza."

Sasa imefika mwaka. Kila siku ya majani anatua kapu, anaugeuza mfuko nje, anauacha hivyo mpaka karani atazame, na ndipo anaanza kuchagua.